Zidaka za Nairobi: Ukuta wa Kazi Uliotoka kwa Mabaki ya Mji



Mwenye kuingia nyumba kongwe ya mawe ya Lamu, akavuka daka na kiwanda akafika ndani kabisa, huona ukuta mzima uliopangwa zidaka, safu juu ya safu. Waashi walizijenga kwa chokaa pamoja na nyumba yenyewe, na wenye nyumba wakaweka humo sahani za kauri zilizoletwa na majahazi, misahafu na vyombo vidogo vya thamani. Zidaka hizo zilipendeza macho, lakini zilikuwa na kazi pia: kila kitu kilikuwa na mahali pake, na aliyekihitaji alijua pa kukichukua na pa kukirudisha. Asiyekuwa na nyumba ya mawe naye hakukosa njia. Alitundika susu darini ili chakula kisifikiwe na paka, akapigilia kigingi ukutani cha kuning'inizia mkoba wa ukili, na marufaa ikishasomewa ikakunjwa na kuwekwa juu. Kwetu sisi watu wa pwani, ukuta ni mtunzaji wa vitu tangu zamani.

Nyumba za Nairobi hazina zidaka. Ghorofa inayopangishwa Kilimani, Kangemi au Kawangware ina kuta nne zilizonyooka, rangi moja kutoka sakafuni hadi darini, na mara nyingi mkataba wa upangaji unaomkataza mpangaji kutoboa ovyo. Ndani ya kuta hizo wanaishi binti zetu na dada zetu wengi waliopandishwa bara na masomo, ndoa au riziki. Na tangu mwaka 2020, ndani ya kuta hizo hizo imeingia kazi. Kisa cha kwanza cha Korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye serikali ikaamuru shule zifungwe na ikawataka waajiri wawaruhusu watu kufanyia kazi nyumbani. Maradhi yalipopungua, si kazi yote iliyorudi ofisini. Leo utamkuta mmoja anafunga hesabu za kampuni akiwa jikoni, mwingine anasomesha Qur'ani kwa kompyuta watoto walioko Uingereza na Kanada, na mwingine anapokea oda za mabuibui kwa simu na kuzishona usiku.

Kazi hiyo yote hukaa juu ya meza ya kulia. Chakula kikiwa tayari, karatasi husogezwa. Mtoto akirudi shule, daftari lake huchanganyika na risiti. Na mgeni akibisha hodi, kila kitu hukusanywa na kusukumwa chini ya kitanda. Ndipo hati hupotea. Kwa ajili hiyo tulipanda gari la moshi la Madaraka kutoka Miritini, lile lililoanza safari zake mwaka 2017, tukaenda kumzuru dada yetu mmoja wa Kilimani aliyekuwa katika hali hiyo, tukiwa na nia ya kumsaidia kujenga ukuta wa kazi. Tulikubaliana sharti moja: ujengwe kwa vitu ambavyo mji wa Nairobi umekwisha kuvitumia.

Karatasi ni amana

Kabla ya kueleza misumari na mbao, yafaa tuseme kwa nini jambo hili si la urembo. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Dini yetu haikutuachia jambo la mali na ahadi likae kichwani tu. Lakini kilichoandikwa kisipotunzwa ni sawa na kisichoandikwa. Mama anayeuza kwa mkopo kisha akapoteza daftari, hajui tena nani anamdai na nani anadaiwa, na udugu mwingi umevunjika kwa njia hiyo. Bi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara aliyetuma mali yake na misafara hadi Sham. Biashara ya namna hiyo haiendeshwi bila hesabu iliyotunzwa.

Jambo la pili ni vitambulisho. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, hati ya ndoa ya Kadhi, kadi ya chanjo ya mtoto, barua ya shule: hizi ndizo zinazomfungulia mtu mlango, na asiyekuwa nazo husimama foleni kutwa. Watu wa pwani wanayajua haya. Na kama tutakavyoeleza mbele, wako jirani zetu Nairobi wanaoyajua zaidi.

Katikati ya mji

Tulianzia Msikiti wa Jamia baada ya sala ya Adhuhuri. Msikiti huu wenye kuba tatu na minara miwili ulijengwa kati ya mwaka 1925 na 1933, na pembeni yake iko Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, na simba wake wawili wa mawe mlangoni. Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni. Leo milango iko wazi kwa kila mtu. Ni mwanzo mwema kwa msafara wa kutafuta mahali pa kuweka karatasi: nyumba ya ibada na nyumba ya vitabu, ukuta kwa ukuta.

Hatua chache kutoka hapo ni Biashara Street, ambayo zamani iliitwa Bazaar Street. Mombasa nayo ina Biashara Street yake, ndiyo mtaa wetu wa leso, kwa hiyo mgeni kutoka pwani hajihisi mgeni sana. Ya Nairobi ina vitambaa vya kushonea, sare za shule, nguo za watoto wachanga, nyuzi na vifungo. Tulinunua uzi mnene na sindano ya cherehani ya jinzi, namba 16. Sindano ya kawaida huvunjika ikikutana na mshono wa jinzi uliokunjwa mara nne, na anayeshona nyumbani hana budi kulijua hilo.

Kutoka hapo tulikwenda Luthuli Avenue, mtaa wa redio, televisheni na spika. Mwaka 2019 mtaa huu ulipunguzwa nafasi ya magari, ukapandwa miti na kupanuliwa njia ya wapitao kwa miguu, hata sasa mtu aweza kutembea bila kusukumwa. Mafundi wa hapo wana marundo ya spika zilizoungua. Tulimwambia mmoja haja yetu, naye akacheka.

"Sumaku? Mama, chukua hizo kwa rundo. Mimi hunibakia tu."

Sumaku ya spika ni mduara mzito wenye tundu katikati. Ni ngumu lakini si imara. Ikianguka juu ya saruji hupasuka kama chungu, na kila kipande hubaki sumaku. Fundi alitupasulia mbili kwa nyundo, akafunga vipande kwa gazeti, tukamlipa kwa usumbufu wake.

Mwisho wa mji upande wa mashariki ni Kamukunji, makao ya mafundi wa jua kali. Jina hilo lilitokana na kazi iliyofanyiwa juani bila paa, na mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilisaidia kuufahamisha ulimwengu kwamba watu wa namna hii wana mchango katika uchumi wa nchi. Ukikaribia, masikio huzibwa na nyundo. Mapipa ya mafuta hukatwa na kunyooshwa yakawa majiko, masanduku ya wanafunzi, makarai na vikaango. Hakuna kinachotupwa, mabaki ya kipande kikubwa huwa kipande kikubwa cha kitu kidogo. Sisi tulitaka bati moja bapa, urefu wa sentimita 40 na upana wa 30. Fundi alilitafuta katika mabaki yake, akalikata, kisha bila kuombwa akakunja kingo zote nne ili lisimkate mtu. Tulijaribu sumaku papo hapo, ikanasa. Yafaa kujaribu kabla ya kulipa, kwani aluminiamu inafanana na bati la chuma machoni lakini sumaku haiishiki.

Barabara ya Ngong

Asubuhi ya pili tulipanda matatu namba 111 kuelekea magharibi, kwa barabara ya Ngong. Tulishuka Adams Arcade tukaingia Soko la Toi, linalopakana na Kibra. Soko hili limeungua zaidi ya mara moja, na kila mara wenyewe wamerudi wakasimamisha vibanda vyao upya juu ya majivu. Ni soko la mitumba hasa: viatu, mikoba, mapazia, mashuka, na suruali za jinzi zilizopangwa kama matofali. Muuzaji alituonyesha za bei nzuri, lakini sisi tuliomba zilizochanika magotini, zile zisizopata mnunuzi.

"Hizi hazivaliki, dada," alituonya.

Tukamwambia hazitavaliwa. Alituuzia tatu kwa bei ya moja, na akatuongezea mkanda uliokatika kifungo.

Kutoka Toi twaendelea mbele hadi Dagoretti Corner na zaidi, kuelekea uwanja wa mbio za farasi. Hapa ndipo maseremala wa kando ya barabara wanapopanga vitanda, makabati na makochi mbele ya wapita njia. Barabara ilipopanuliwa wengi walihamishwa, wakajisogeza nyuma kidogo, wakaendelea. Nyuma ya vibanda vyao kuna mbao za paleti, yale makreti bapa yanayobebea shehena, na nyingi ya hizo zimefika nchini kupitia bandari yetu ya Mombasa. Mbao imepita mlangoni petu, nasi tumeifuata hadi bara kuinunua.

Hapa pana jambo la afya ambalo kila mama apaswa kulijua. Paleti zinazovuka mipaka ya nchi hupigwa muhuri wenye alama ya shuke la ngano. Ukiona herufi HT, mbao hiyo ilitibiwa kwa joto ili kuua wadudu, na inafaa kuingia nyumbani. Ukiona MB, ilifukizwa kwa dawa ya sumu. Iache huko huko, usiiweke mahali ambapo mtoto atailamba au wewe utavuta vumbi lake ukiipiga msasa. Vivyo hivyo iache yenye madoa ya mafuta au harufu usiyoijua. Seremala wetu alipoona tunageuza mbao kutafuta muhuri, alitusaidia kutafuta, na tukapata tano nzuri zenye urefu wa sentimita 120.

Kwa Wanubi wa Kibra

Dada mwenyeji wetu alitupeleka kumsalimu bibi mmoja Mnubi, Kibra, ambaye humwita nyanya ingawa si nyanya yake wa damu. Wanubi ni Waislamu wenzetu. Babu zao walikuwa askari kutoka Sudan waliopigania jeshi la Kings African Rifles, nao wakapewa eneo hili kukaa mwanzoni mwa karne ya 20. Jina Kibra katika lugha yao lina maana ya msitu. Walikaa kwa vibali, si kwa hati za kumiliki, na kwa miongo mingi watoto wao walipofika umri wa kitambulisho walipitishwa kwenye mahojiano ambayo vijana wa jamii nyingine hawakupitishwa. Mwaka 2011, Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi kwa kuwanyima uraia wa tangu kuzaliwa. Mwaka 2017 jamii ilikabidhiwa hati ya ardhi ya ekari 288.

Ukutani kwa bibi huyu palitundikwa tabaga, zile fuma za rangi nyingi ambazo wanawake wa Kinubi hufunikia sinia za chakula, nasi tukakumbuka makawa ya nyumbani kwetu. Chini ya tabaga palikuwa na mfuko wa kitambaa wenye kifuniko na kamba.

"Humo ndimo mna sisi sote," alisema. "Cha marehemu mzee, cha watoto, cha wajukuu. Moto ukitoka huko, mimi sichukui sufuria. Nachukua huo."

Tulikaa kimya kidogo. Tulikuwa tumekuja Nairobi na fikra ya mahali pa kuwekea kalamu na risiti, na huyu bibi alikuwa amekwisha kutuonyesha lililo kubwa zaidi. Alipotuuliza tunataka kujenga nini, tulimweleza, naye akatupa shauri ambalo tulilifuata neno kwa neno: karatasi unayoifanyia kazi iweke mbele ya macho, karatasi inayokufanya uwe mtu iweke mahali pake peke yake, pawezapo kuchukuliwa kwa mkono mmoja.

Namna tulivyojenga

Mbele zaidi, huko Karen, iko karakana ya Ocean Sole, inayogeuza kandambili zilizookotwa ufukweni kuwa ndovu na twiga wa rangi nyingi. Wazo lenyewe lilianzia kwetu, Kiwayu katika visiwa vya Lamu, mwishoni mwa miaka ya 1990, pale Julie Church alipoona watoto wakitengeneza vichezeo kwa kandambili zilizoletwa na bahari. Wazo hilo lilitufaa: raba ya kandambili hupokea pini vizuri na tundu hujifunga pini ikitolewa. Tulikusanya kandambili nne zilizokatika mikanda katika nyumba ya mwenyeji wetu na za jirani zake, tukaziosha, tukazikata miraba. Hapo vifaa vikatimia, nasi tukaanza kazi sebuleni Kilimani.

Kwanza ni ubao. Mbao tano tuling'oa misumari, tukazisugua kwa maji na sabuni, tukazianika kibarazani siku nzima, kisha tukazipiga msasa pua na mdomo vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa. Tulizilaza sambamba, tukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya moja na nyingine, na nyuma tukazikaza kwa skrubu juu ya vipande viwili vya mbao vilivyosimama wima. Ukawa ubao mmoja wa sentimita 120 kwa 66 hivi. Nafasi zile zina faida: kulabu hushikwa hapo, na nyaya za chaja hupita nyuma bila kuonekana.

Pili ni ukuta wenyewe, na hapa ndipo penye siri kwa mpangaji. Vitu vyote vinakazwa kwenye ubao, na ubao peke yake ndio unaotundikwa. Ukuta hutobolewa matundu mawili tu. Mwenyeji wetu alimpigia simu mwenye nyumba, akamweleza matundu mawili na kuahidi kuyaziba siku ya kuhama, akaruhusiwa. Tulipima kwa pima maji, tukatoboa kwa biti ya mawe, tukatia vizibo vya plastiki vya kushikia skrubu, tukatundika. Upande wa chini uwe juu ya meza kwa shubiri moja, ili aliyeketi afikie kila kitu bila kusimama.

Tatu ni mifuko ya karatasi. Wengi hufikiri kutumia mifuko ya nyuma ya suruali, lakini karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, na mfuko wa suruali hautoshi. Kinachotosha ni mguu wa suruali. Ukate kipande cha sentimita 30 sehemu ya paja, ukilaze bapa, ushone chini, nao ni mfuko tayari wenye pande mbili. Tulishona mitatu. Wa kwanza ni wa kazi ya leo, wa pili wa kazi inayosubiri jibu la mtu mwingine, wa tatu wa iliyokwisha, ambao humwagwa na kupangwa kwenye faili kila Ijumaa asubuhi. Mifuko midogo ya nyuma ya suruali tuliishonea juu ya mikubwa, ikakaa risiti, stempu na kadi za simu. Mkanda ule wa Toi tuliupigilia kwa misumari kila baada ya vidole vitatu, ukawa na vitanzi vya kalamu, mkasi na futi ya kushonea.

Nne ni bati na sumaku. Bati lilikazwa katikati, juu yake kalenda yenye tarehe za Hijria na za kawaida, na miadi ya wanafunzi. Vipande vya sumaku tulivivika vitambaa vya leso kuukuu na kuvishona, visikwaruze wala kumwaga unga mweusi. Tahadhari mbili: kadi ya benki yenye mstari mweusi nyuma isikae karibu na sumaku, na vipande vidogo viwekwe juu asipofika mtoto anayetambaa, kwani mtoto akimeza sumaku zaidi ya moja ni hatari kubwa.

Tano ni mikebe. Ya maziwa ya unga na ya mafuta ya kupikia yote inafaa. Ioshwe kwa maji ya moto, ukingo wa ndani ugongwe kwa nyundo hadi ulale, kisha itobolewe mgongoni kwa msumari na kukazwa kwa skrubu moja. Raba za kandambili zilibandikwa kwa gundi ya viatu pembeni, miraba minane ya rangi mchanganyiko, zikawa mahali pa kubana vijikaratasi kwa pini.

Sita ni mfuko wa bibi. Tulitumia mguu wa suruali uliobaki, tukautia kifuniko na kamba. Ndani yake hati zote za asili zimetiwa katika mfuko wa plastiki mzito unaofungika maji yasiingie. Huu haukutundikwa kwenye ubao. Ulitundikwa kwenye kigingi nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, na kila mtu wa nyumba hiyo, hata mtoto wa miaka saba, ameonyeshwa ulipo. Kwenye ubao zimo nakala tu.

Adabu za ukuta wa kazi

Yako mambo matatu ambayo fundi hawezi kukuuzia.

La kwanza ni heshima ya maandishi. Msahafu haukai katika mfuko mmoja na risiti za umeme. Dada yetu, ambaye husomesha Qur'ani, aliuwekea rafu yake fupi juu ya ubao, peke yake, juu ya vitu vingine vyote. Na karatasi zenye jina la Allah, hata zikiwa kuukuu, hazitupwi katika pipa la taka.

La pili ni siri za watu. Ukuta ulio nyuma ya mtu anayezungumza kwa kamera huonekana na walio upande wa pili. Namba ya simu ya mteja, deni la jirani, jina la mtoto na shule yake: hizo ni amana za wenyewe. Keti ukiuelekea ubao, usiupe mgongo, na kamera haitaona ila ukuta mtupu wa upande mwingine.

La tatu, na kwetu ndilo lililo kubwa, ni mpaka baina ya kazi na nyumba. Juu ya ubao tulipitisha fimbo ya pazia iliyokuwa haitumiki, na juu ya fimbo tukatundika leso mbili kuukuu zilizounganishwa. Leso zikiwa zimekunjuliwa pembeni, watoto wanajua mama yuko kazini, na huongea kwa sauti ya chini. Adhana ya Maghrib ikisikika, leso hushushwa, zikafunika mifuko, bati na mikebe. Sebule ikarudi kuwa sebule na meza ikarudi kuwa ya chakula. Dada yetu alitwambia kwamba kwa miaka kadhaa kazi yake haikuwa na mwanzo wala mwisho, kwa kuwa haikuwa na mahali. Mume wake, aliyetushikia ubao wakati wa kutundika, naye alikiri kwamba alikuwa akiiona kazi ya mkewe kama rundo la karatasi, na sasa anaiona kama kazi. Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alipoulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, akishona viatu vyake mwenyewe na kutia viraka nguo yake. Kutengeneza kilichochakaa ni sunna iliyo karibu na mikono yetu sote, wanaume kwa wanawake.

Kuhusu gharama, tulichonunua kipya ni skrubu, vizibo, uzi, sindano, gundi na msasa. Vingine vyote vilikuwa mabaki: ya bandari, ya Ulaya, ya Kamukunji, ya jikoni. Mwenye kufanya hivi Mombasa hana haja ya kupanda gari la moshi. Mbao za paleti zimejaa Changamwe, mitumba iko Kongowea, na mafundi wa spika hawakosekani katika mtaa wowote. Anzeni na mfuko mmoja wa hati nyuma ya mlango. Huo hauhitaji hata ubao, na ukikamilika jioni moja mtakuwa mmeshafanya sehemu iliyo muhimu kuliko zote.

Allah atujaalie riziki ya halali na nyumba zenye utulivu. Amin.